Bi Alawiya wa Kikapu na Shaba ya Munga

Bi Alawiya Yeslam, nesi wa kliniki ya yadi yetu ya makontena hapa Changamwe, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa Juni baada ya kutuhudumia miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Changawa wa stoo, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa stoo na kliniki zimetenganishwa na ukuta mmoja tu wa mabati, na hakuna aliyemsikia akifanya kazi kuliko mimi. Nilikubali haraka. Halafu nikakaa na karatasi wiki nzima, mkono hauendi. Mtanisamehe mkiona mambo yangu yameingia ndani ya mambo yake. Kuna jambo moja ambalo siwezi kueleza wema wake bila kulieleza, na nikingoja mwezi ujao, yeye hatakuwepo.

Bi Alawiya ni mzaliwa wa Jomvu Kuu na hajawahi kuhama. Alianza unesi katika zahanati moja huko Likoni, akaja kwetu wakati kliniki ilikuwa kontena kuukuu lililotobolewa dirisha, na kitanda kimoja ambacho mgonjwa mrefu miguu yake ilitokeza mlangoni. Leo kliniki ina vyumba viwili, friji ya chanjo na mashine ya kupimia damu. Vyote hivyo alivipigania yeye. Alimwambia meneja wa wakati ule kwamba kila mashine hapa hufanyiwa savisi kila mwezi, ila anayeiendesha husubiri mpaka aanguke. Meneja alicheka, lakini friji ililetwa.

Wanaume wa migongo ya Jumatatu mnamjua vizuri. Ukija na mgongo ambao Jumapili ulikuwa mzima, hakukufukuza wala hakukuandikia siku ya kupumzika. Alikupa bilauri mbili za maji, akakuketisha kwenye benchi lililoelekeana na akina mama wa kupakia majani ya chai, na wao walijua ni benchi la nini. Wengi walipona kabla ya kumaliza bilauri ya pili.

Lakini kinachomtambulisha zaidi ni kikapu. Ukimwambia unaumwa, swali lake la kwanza halikuwa unaumwa wapi. Alikuambia urudi nyumbani, uchukue kikapu, utie kila kitu unachomeza: dawa ya duka, dawa ya mzee, mizizi, mafuta, maji ya kuombewa, hata kile ambacho mkeo hakijui. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Hakucheka kitu cha mtu. Alisema mwili hauna siri, hata kama mwenye mwili anazo.

Sasa nimefika pale mkono wangu unapokwama.

Munga nyote mnamjua. Kabla ya kukaa chumba cha redio za mawasiliano alikuwa dereva wa foklifti, na kontena alilitua chini kama mtu anayeweka sahani mezani. Alikuwa rafiki yangu, na bado ananiita rafiki. Mkewe wa kwanza alifariki, akakaa mpweke muda mrefu, halafu akamuoa Dhahabu, yule aliyekuwa akikaanga mahamri na viazi vya karai kwenye geti letu. Dhahabu ni mdogo kwake kwa miaka mingi, na sisi kwenye benchi la mapumziko ya chai tukapata la kusema. Tulimuuliza kama injini ile ya zamani itapanda kilima kile, au tumtafutie wa kumsukuma. Munga alicheka pamoja nasi. Siku moja akaja stoo peke yake, akafunga mlango, na pale hakuwa akicheka.

Wakati wa korona kampuni ilinunua makatoni ya vidonge vya zinki ili wafanyakazi wapewe. Korona ilipopoa, makatoni yalibaki stoo, nikaambiwa niyakabidhi yaharibiwe pamoja na dawa zilizopitwa na wakati. Sikuyakabidhi. Nilikuwa nimesikia kwenye redio kwamba zinki inamrudishia mwanamume heshima yake. Nikampa Munga kopo, nikamwambia ameze asubuhi na jioni, na akiona mambo mazito aongeze. Tukaapiana kuwa ni siri ya wanaume wawili. Kila alipomaliza kopo nilimpa jengine, naye akaniletea pombe ya mnazi kutoka kwa mjomba wake. Mimi mwenyewe nilijaribu vidonge vile siku mbili, vikanipa kichefuchefu, nikaacha. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Yeye alivumilia kichefuchefu kwa sababu alikuwa na jambo la kukivumilia, na akaendelea karibu miaka miwili.

Alianza kwa kupauka. Akipanda ngazi ya foklifti anahema kama amekimbizwa. Bi Alawiya akampima damu, akaikuta imeshuka. Akampima malaria na minyoo, hamna, akampa vidonge vya kuongeza chuma. Damu haikupanda. Akabadilisha chuma cha aina nyengine, haikupanda. Yeye mwenyewe husema alikawia mno na vile vidonge vya chuma, na hilo nimeliweka hapa kwa sababu ameniambia nisimpambe. Halafu ikaja ganzi. Munga alisema anahisi chungu wanamtembea nyayoni. Baadaye akasema anahisi amevaa soksi, na alikuwa peku. Daktari anayekuja Jumanne alidhani ni upungufu wa vitamini fulani, akamchoma sindano zake. Miguu ikazidi kufa.

Dhahabu ndiye aliyeleta neno la maana. Alimwamkia Bi Alawiya, akamweleza kwa aibu kwamba mumewe akiwa bafuni, akifumba macho kuosha povu usoni, anaanguka. Akiyafumbua, anasimama. Mimi nilisikia kupitia mabati. Bi Alawiya akasema Munga alete kikapu tena, na safari hii kisibaki kitu.

Munga alileta kikapu. Mlikuwamo vidonge vya chuma, dawa ya maumivu, majani ya mwarobaini na chupa ya tangawizi. Nilimsikia Bi Alawiya akivipanga. Akauliza kama ni hivi tu, Munga akasema ni hivi tu. Jioni Bi Alawiya akaja stoo kuchukua glavu, akasimama mbele ya kaunta yangu.

"Changawa, wewe ndiye mwandani wake. Yuwameza nini huyu?"

Nikamwambia, "Sijui, Bi."

Sikuwa na hakika kama ni vile vidonge vyangu vinavyomuumiza. Lakini moyo ulishanipiga, na nikasema sijui hata hivyo. Niliogopea kazi yangu, na niliogopea kuchekwa naye.

Wakati huo huo neno lilikuwa limeshaenea yadi nzima, kwamba Munga amelishwa limbwata. Mzee kaoa mtoto, mtoto kamtilia kitu ndani ya chakula ili amtawale, na dawa imemzidi. Baadhi yenu mlilisema, wengine mlilisikia mkanyamaza. Dada zake Munga wakashuka kutoka Kaloleni, wakamwambia Dhahabu afunge nguo zake aende kwao. Hakwenda, lakini meza yake ya geti ikafa. Mtu aliyekuwa akimaliza beseni zima kabla ya saa nne akawa anarudi nalo limejaa. Mimi niliyejua kwamba Munga anameza kitu kutoka mkononi mwangu, nilianza kununua mahamri upande wa pili wa barabara, nisije nikaonekana na yule mama.

Ile siku ya pipa mnaikumbuka. Ilikuwa baada ya chai. Munga alikuwa amebeba kontena tupu, macho juu kwenye mzigo kama inavyotakiwa. Bi Alawiya alikuwa akikatiza uwanja na kijisanduku cha chanjo. Munga akakanyaga akidhani ni breki, maana mguu haukumwambia kwamba hauko juu ya breki. Mashine ikaja. Bi Alawiya aliruka, ndara yake moja ikabaki chini ya gurudumu. Foklifti ikagonga pipa la maji, pipa likabanwa kwenye ukuta wa stoo, na mimi niliyekuwa upande wa ndani nikaangukiwa na rafu na makatoni yake. Makatoni yenyewe ni yale yale ya zinki.

Nikiwa chini pale nilisikia yote, na mengine niliyaona kupitia ufa wa mabati. Supavaiza alisema Munga amelewa, akachomoa ufunguo, akasema Ijumaa kuna kikao na baada ya kikao hakuna kazi. Bi Alawiya, mguu mmoja peku, akaenda kuchukua kile kifaa cha kupuliza, alkoblo. Munga akapuliza mbele ya watu wote. Hana pombe hata kidogo. Hapo mtu kutoka kwenye kundi akasema aulizwe mkewe kampikia nini.

Dhahabu alikuwa ameshaingia getini, mikono imejaa unga, beseni bado amelikumbatia. Akasema, wala hakupaza sauti, "Basi nikile mimi hapa, nyote mkiona?"

Bi Alawiya akamwendea, akachukua hamri moja kwenye beseni, akaila yote pale pale juani, akiwa amesimama na ndara moja. Alipomaliza akapangusa mikono, akamshika Munga mkono kumpeleka kliniki. Mimi nilikuwa mzima, nimechubuka kiwiko tu. Lakini sikutoka chini ya yale makatoni mpaka uwanja ulipokuwa mweupe.

Alasiri ile niliyajaza makopo yaliyobaki ndani ya gunia la mchele, nikabisha mlango wa kliniki. Munga alikuwa amelala kitandani ametazama dari.

"Bi," nikasema, "kikapu cha Munga hakikutimia. Kilichobaki ni hiki."

Alisoma karatasi ya kopo, akamuuliza Munga alikuwa akimeza vingapi, Munga akaonyesha vidole. Akaenda kufunga mlango. Nilingoja anitukane, na wallahi ningefurahi.

"Kwa hivyo uliponambia hujui, ulikuwa wajua."

"Ndiyo, Bi."

"Keti kitako. Tumtibu mtu kwanza, hayo mengine yatangoja."

Akampigia simu daktari wa Jumanne, wakazungumza kirefu. Alipokata simu alitugeukia, akatueleza kwa mfano wa yadi, maana ndiyo tunayoielewa. Shaba, alisema, si ya waya na masufuria peke yake. Kila mtu anayo mwilini, kidogo mno, yote ukiikusanya ni uzito wa punje chache za mchele. Huja na chakula: maini, pweza, korosho, ufuta, kunde. Geti lake ni utumbo mwembamba. Ikishavuka ukuta wa utumbo, damu huipeleka kwenye ini, na ini ndiyo ofisi ya kupanga mizigo. Huipakia shaba kwenye mbebaji wake maalumu, ikaituma inakotakiwa, na ile ya ziada huitoa na nyongo iende chooni. Huko inakofika inafanya kazi zisizo na mbadala. Inalinda lile ganda la neva linalopitisha habari kutoka nyayoni hadi kichwani. Inausaidia mwili kutoa nguvu kwenye chakula. Na ndiyo inayotoa ruhusa kwa chuma kilichowekwa akiba kitoke kwenda kutengeneza damu.

Hapo mimi wa stoo nilielewa kabla hajamaliza. Munga alikuwa na chuma tele, ila kimefungiwa ndani na wa kusaini kitoke hayupo. Kwa vile vidonge vya chuma vyote tulikuwa tunaongeza mzigo kwenye stoo iliyofungwa.

Zinki inaingiaje hapo, nikamuuliza. Akasema zinki yenyewe ina kazi yake, hata watoto wanaoharisha hupewa, kwa siku chache na kwa kipimo. Lakini ikija kwa wingi kila siku, ukuta wa utumbo hujitengenezea kulabu nyingi za kuishika, na kulabu zile zinaipenda shaba kuliko hiyo zinki yenyewe. Shaba ikifika getini inanaswa pale pale. Baada ya siku chache utando ule wa utumbo hujichubua kama kawaida yake, ukatoka na choo, na shaba imo ndani. Mzigo umefika, umezuiliwa, umerudishwa ulikotoka. Kila siku, karibu miaka miwili.

Munga akauliza swali moja tu, kuhusu mkewe. Dhahabu humpikia kunde za nazi, na Jumapili maini. Je, kile chakula kilimdhuru?

"Hicho ndicho kilichokuwa kikikutetea," Bi Alawiya akamwambia. "Yeye akileta, na makopo yakirudisha."

Munga akageukia ukutani. Mimi nilitazama sakafu.

Damu yake ilitiwa kwenye chupa maalumu ikapelekwa Nairobi. Majibu hayakuwahi Ijumaa. Bi Alawiya aliingia kwenye kikao mikono mitupu, akasema Munga ni mgonjwa, si mlevi, na akaomba muda. Akaulizwa Munga anameza nini, na amekipata wapi. Akasema mgonjwa amemweleza nesi wake, na maneno hayo hayatoki kliniki. Akakumbushwa kwamba amebakisha miaka michache ya kustaafu. Akasema anaijua hesabu hiyo. Mimi nilikuwa nje ya mlango na jina langu mdomoni, na nikarudi nalo stoo.

Majibu yalipokuja, shaba ilikuwa karibu hakuna, na zinki imejaa. Munga akalazwa, akatiwa shaba kwa dripu, kisha vidonge, na makopo yakaharibiwa kama ilivyoamriwa tangu mwanzo. Miezi miwili haikuisha, damu yake ikapanda. Miguu haikuwa na haraka hivyo. Haikuzidi kufa, na imerudi kidogo, lakini kuna sehemu ya neva ambayo Bi Alawiya alimwambia wazi kwamba huenda isirudi. Sasa anatembea na bakora, na foklifti anaiona kupitia dirisha la chumba cha redio. Kazi hiyo nimemnyang'anya mimi.

Munga aliwaeleza dada zake kwamba ni dawa alizomeza kwa siri, wakamwomba Dhahabu radhi. Lakini hapa yadini hakusema, kwa ile aibu ya benchi la chai. Bi Alawiya hakusema kwa kuwa siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa. Nilipomuuliza kwa nini basi hanisemi mimi, alinijibu kwamba siri ya Munga ni amana kwake, ila yangu ni yangu mwenyewe, nitajua la kufanya nayo. Sikujua. Mkasikia tu kwamba Munga alipungukiwa na shaba, mkacheka, mkauliza kwani alikuwa anatumia umeme, na limbwata likabaki pale pale. Dhahabu akahamisha meza yake Chaani, karibu na kanisa, na geti letu hajalisogelea tena.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza Bi Alawiya angependa zawadi gani. Alisema hataki saa wala blanketi. Anataka chakula cha sherehe apike Dhahabu. Mle kamatini watu wakatazamana. Mmoja akapendekeza tutafute wapishi wa kukodi, mwengine akasema chakula kile wengi hawatagusa. Nilikuwa nimeketi katikati yao. Basi msiende kwa wapishi wa kukodi na msimtazame Dhahabu vibaya: hakuna aliyemlisha Munga kitu kibaya ila mimi.

Munga ameusoma ukurasa huu kabla yenu. Alipofika pale pa injini ya zamani alicheka mpaka akatoa machozi, akaniambia niuache ulivyo. Meneja naye nimemweleza jana, na atakaloamua juu yangu nitalipokea. Dhahabu nilimfuata Chaani. Alinisikiliza huku akigeuza viazi karaini, na nilipomaliza alisema tu, "Shemeji, ungelisema siku ile ya pipa." Kisha akaniuliza sherehe ni ya watu wangapi.

Bi Alawiya, tunakushukuru kwa miaka ishirini na tisa, kwa friji, kwa benchi la Jumatatu, kwa vikapu vyote ulivyovipokea bila kumcheka mtu. Tunakushukuru kwa hamri moja uliyoila juani. Nenda Jomvu Kuu ukapumzike, ulale mpaka jua lipande, na Mungu akupe afya ile uliyokuwa ukitutafutia sisi.

Ratiba inasema sherehe itafunguliwa kwa dua, watu wote wasimame wafumbe macho. Munga bado hawezi kusimama macho yakiwa yamefumbwa bila kuanguka, kwa hivyo atasimama kando yangu, mkono wake uko begani mwangu. Dua ikiisha, sahani ziko upande wa kushoto wa jukwaa, na Dhahabu ndiye atakayepakua. Foleni ya chakula inaanzia kwangu. Naomba nisiwe peke yangu.